Gundi ya Ijumaa Jioni

Kuna jambo moja nimelizungusha kichwani kwa miaka saba na sijalipatia jibu, na kwa kuwa daktari wa Homa Bay amewaruhusu mnirudishe hapa Rangwe, nyumbani kwa binti yangu, bila kuwapa tarehe ya kunipeleka tena, nitaanza nalo kabla ya kuwagawia shamba na karakana. Kwa nini Gisiri alinyamaza? Alikuwa na ushahidi mikononi mwake, angeweza kuuinua mbele ya watu wote nami ningeinamisha kichwa pale pale. Hakuuinua. Aliufunga kwenye gunia akanitumia mimi mwenyewe, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananihurumia, ananingoja, au ananidharau.

Niinue mgongo kidogo, Nyanchoka. Hapo. Kerosi, vuta kiti ukae karibu na mkeo Helen, usisimame mlangoni kama mgeni. Ninasema kwa Kiswahili kwa makusudi, ili Helen asikie kila neno, maana neno hili linawahusu watu wa kwao Kehancha kuliko linavyotuhusu sisi. Nyanchoka, andika katika daftari lako, na mahali nitakapojipendelea uandike hivyo hivyo, usinirekebishe.

Gisiri mnamjua kama mzee mwenye jicho moja. Mimi nilimjua akiwa na yote mawili, mfupi, mwepesi, bega la kulia limepinda kidogo kwa sababu fahali alimkanyaga akiwa kijana. Alikuja Awendo, karibu na karakana yetu ya useremala, kulinda mashamba ya miwa, na alikuwa na cheti halali cha bunduki. Nguruwe mwitu walikuwa wakiingia kwenye miwa na mahindi wakila kama waliopanda wao. Watu walijaribu mbwa, walijaribu moto na madebe, kisha wakamwita Gisiri.

Alikuwa na bunduki ndefu ya zamani, na mwaka ule wa tisini na moja akaamua kuiacha. Aliniambia hivi: "Mogire, mle ndani ya miwa mtu hageuki. Nguruwe anageuka, mimi sigeuki." Nilidhani anatia chumvi. Basi akanichukua mpaka shambani na mpini wa jembe, akaniweka katikati ya mistari miwili ya miwa, akasema, "Haya, nguruwe yuko nyuma yako." Nikageuka, mpini ukashikwa na miwa, nami nikabaki nimekwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Akaukata mpini kidogo. "Geuka tena." Akaukata tena. Tulikata mpaka nikaweza kugeuka bila kugusa jani, ndipo akapima kile kipande kwa mkono wake na kusema, "Urefu ni huu." Ndivyo alivyochagua bunduki yake. Hakuchagua kwa macho wala kwa sifa za muuzaji.

Aliporudi nayo kutoka Nairobi, mtutu mfupi, wale vijana wa trakta walimcheka. Mmoja akasema, "Mzee, hii ni ya kuwinda panya?" Gisiri akamjibu, "Wewe ingia na ile ndefu, nguruwe atakusaidia kuibeba." Tulicheka wote.

Lakini kitako chake, ule mti wa nyuma unaokaa begani, kilikuwa kimetengenezwa kwa mtu mrefu, tena kizito. Kwa bega lake lile hakikumfaa. Akaniomba nimchongee kingine. Nilimpima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, nikapima shingo yake, nikapima umbali wa shavu lake na bega, kama fundi cherehani anayemshonea bwana harusi. Alitaka kiwe chepesi. "Kama mwiko," alisema. "Niibebe tangu asubuhi mpaka jua kali nisikumbuke kuwa ninayo."

Nikamwambia mbele ya watu pale karakanani: Ijumaa, kabla jua halijatua, utaichukua bunduki yako. Mnajua jinsi nilivyokuwa. Kwa kuwa sikushika randa siku ya Sabato, na kwa kuwa sikuwahi kumwambia mteja arudi wiki ijayo, watu waliniita Fundi wa Ijumaa, nami nikaliandika jina lile kwenye ubao juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Nililipenda jina lile. Nawaambia kwa sababu ni kweli: nililipenda kuliko nilivyompenda Gisiri.

Mti nilioutumia ni mringaringa, mwepesi na mtulivu chini ya patasi. Gogo lilikuwa moja. Nusu iliyo nzima nilikuwa nimeitoa miezi miwili nyuma nikaichongea kanisa letu mimbari, ile ile mnayoiona mpaka leo, na mchungaji akaniita mbele nikapigiwa makofi. Nusu iliyobaki ilikuwa ya upande wa tawi. Nilijua upande wa tawi una matatizo. Nilijiambia kitako ni kitu kidogo.

Ijumaa ile, saa tisa alasiri, nikiwa napunguza shingo ya kitako ili kiwe chepesi alivyotaka, randa ikafunua ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukipita pale pale mahali pa kushika. Niliupulizia vumbi nikitumaini ni alama tu. Nikaukunja mti kidogo, na ule unywele ukafunguka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu hudhani mtu huingia katika ubaya kwa mlango mkubwa. Mimi nilikuwa na njia tatu, zote rahisi. Nilikuwa na kipande cha mvule pale pembeni, kizito zaidi, lakini kizima. Kingenichukua siku mbili. Ningeweza kumwambia Gisiri, rudi Jumatano. Ningeweza hata kufanya kazi ile ile hadi usiku, Sabato ikiwa imeingia, nimwombe Mungu radhi baadaye. Yote matatu yalitaka kitu kimoja tu, kwamba jina lile juu ya mlango liwe la uongo kwa juma moja. Nikachukua gundi. Nikaimimina ndani ya ufa, nikaubana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, nikakaa nikiliangalia jua.

Gundi ile ilitaka usiku mzima na mchana wake. Niliipa saa mbili. Kisha nikapiga msasa, na kwa kuwa alama ilikuwa bado inaonekana, nikaingia ndani nikachukua kopo la rangi ya viatu, ya kahawia, ambayo marehemu mama yenu Bonareri alikuwa ameitoa ili ang'arishe viatu vyetu vya Sabato. Nikaupaka ule mti mpaka ukang'aa. Bonareri aliniuliza, "Baba Nyanchoka, rangi imeenda wapi?" Nikamwambia, "Nimeazima kidogo." Jioni ile tulivaa viatu vyenye rangi moja na kosa langu, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Gisiri alikuja jua likiwa limebaki urefu wa mkono juu ya miwa. Akaiinua bunduki, akaiweka begani, akaelekeza kwenye kichuguu, akaishusha, akaiinua tena. Akacheka kama mtoto. "Mogire, hii hata mke wangu ataibeba sokoni ndani ya kikapu!" Akanisalimu kwa mikono miwili. Maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi: ngoja mpaka Jumapili. Maneno matatu tu. Yaliyotoka ni haya: "Usiiloweshe."

Akasema, "Fundi, nguruwe hawangoji kiangazi," akaenda zake.

Kesho yake tulikuwa kanisani. Nilikaa mstari wa pili, nikiitazama mimbari yangu. Katikati ya wimbo nikasikia mlio wa bunduki kutoka upande wa miwa, mmoja, mkavu. Nikapumua. Nikajiambia, imeshika. Hata nikaimba kwa sauti zaidi. Kisha tukasikia makelele.

Mti ulivunjika shingoni kwa risasi ya kwanza. Chuma kikaruka nyuma kikampiga Gisiri usoni, na jicho la kulia likaishia pale. Nguruwe alijeruhiwa tu, dume kubwa, akatoka upande ambao Angwenyi alikuwa amesimama na fimbo akiwakusanya mbwa. Angwenyi mnamjua, jirani yetu, ambaye baadaye alikuja kuwa mzee wa kanisa. Ule mguu anaouburuta mpaka leo ulipasuliwa siku ile kutoka gotini hadi pajani. Kila Sabato nikimwona akipanda zile ngazi mbili za kanisa, akiinua mguu kwa mkono wake mwenyewe kama anayeinua mzigo wa mtu mwingine, mimi hutazama kitabu changu cha nyimbo.

Jumanne tulikutana uani kwa Angwenyi. Gisiri alikuja, uso umefungwa bandeji. Watu walikuwa na hasira na waliogopa, na wakati mwingine hayo mawili hayatofautiani. Mmoja akasema, "Huyu alifumba macho. Ukifumba macho bunduki inakupiga, kila mtu anajua." Mwingine akasema kwamba alimwona akitetemeka kabla ya kufyatua. Labda alimwona kweli. Nani asiyetetemeka mbele ya nguruwe dume? Kisha Angwenyi mwenyewe, akiwa amelala kwenye mkeka, akageuza kichwa akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayetaka tu kufunga mlango vizuri: "Fundi, mti wako ulikuwa na shida?"

Nikasema: "Mti ulikuwa mzima. Mkono ndio uliotetemeka."

Wanangu, nimesema maneno mengi maishani na mengi nimeyasahau. Hayo sijayasahau hata siku moja.

Watu wakamgeukia Gisiri. Yeye alinitazama kwa lile jicho moja, muda mrefu, hata kuku akapita kati yetu na kurudi. Nilingoja aseme. Alichosema ni, "Fundi amesema." Basi. Akainuka, akarudisha cheti chake na bunduki yake kwa serikali, akahama Awendo akarudi kwao Kehancha kwenye ng'ombe na tumbaku yake.

Wiki mbili baadaye, mkulima mmoja wa tumbaku aliyekuwa akipita akaniletea gunia. Hakuwa na ujumbe. Ndani yake mlikuwa na kitako kimevunjika vipande viwili. Nikaviangalia pale palipovunjika. Nusu ya mvunjiko ilikuwa nyeupe, mpya. Nusu nyingine ilikuwa imejaa gundi yangu, ya manjano, imekauka juu na ndani bado inanata, na kidogo ya rangi ya viatu ilikuwa imeingia mpaka katikati. Hata mtu asiyewahi kushika randa angeelewa.

Kwa hiyo ninauliza. Aliona kabla ya kikao, au baada yake? Kama ni kabla, kwa nini alisema "Fundi amesema"? Nimewahi kufikiri kwamba aliwahurumia ninyi, Kerosi ukiwa ndiyo kwanza unaanza kazi chini ya jina langu. Nimewahi kufikiri kwamba alitaka niseme mwenyewe, akaniachia mlango wazi, nami nikapita nje ya huo mlango miaka saba. Na kuna fikira nyingine inayoniumiza zaidi, kwamba pengine alifumba macho kweli, kama anavyofumba kila binadamu kwa nusu ya kupepesa, na hata baada ya kuiona gundi hakujua lawama ni ya nani kati yetu, akabeba sehemu yake na kunirudishia yangu. Sijui. Nimeona watu wengi wakihukumiana kwa haraka na sikutaka kuwa mmoja wao, lakini nimegundua kwamba upole wangu wote kwa wengine ulikuwa na sababu yake.

Kerosi. Usitazame chini. Wewe huna kosa ambalo sikukupa mimi. Hadithi ile umeisimulia vizuri kuliko mtu yeyote. Nimekusikia karakanani, nimekusikia harusini kwako, mbele ya wakwe zako, Gisiri, aliyekuja na watu wao, akiwa ameketi safu ya nyuma. Unainua fimbo begani, unafumba macho yote mawili, unatetemesha magoti, unasema, "Nguruwe, kaa hapo nikuombee kwanza!" Watu wanaanguka kwa kicheko. Helen peke yake hakucheka siku ile, niliona. Nami nilikaa meza ya mbele nikala nyama. Kwa watu wa kule, mwanamume kusemwa kwamba alifumba macho mbele ya mnyama ni kitu kinachomfuata mpaka kwenye kisima cha maji. Vijana hufumba macho akipita. Yale aliyofanyiwa na chuma ilikuwa siku moja. Haya mengine ni kila siku, na wewe ndiye uliyekuwa ukiyapeleka, na mimi ndiye niliyekupa uyapeleke.

Unasema nini? Sema kwa sauti, masikio yangu yamechoka. Kwamba watu wataacha kuleta kazi? Ndiyo, baadhi wataacha. Kwamba ni bora niandike barua kwa Gisiri, mambo yaishe kati ya wazee wawili? Mwanangu, barua hiyo nimeiandika mara tatu. Ni nzuri sana. Ina maneno mazuri ya Biblia. Nimeichana kwa sababu kicheko hakikuwa kati ya wazee wawili.

Nipe maji, Helen. Asante, mama. Kidogo tu.

Basi, mgawanyo ni huu, na uwe mfupi. Shamba la Kisii, upande wa mto ni wa Nyanchoka, upande wa barabara ni wa Kerosi, na mtu asiseme kwamba binti aliyeolewa hana upande. Ndiye aliyenilaza kitandani kwake na kuniosha. Karakana ya Awendo ni ya Kerosi, na vyombo vyote, jiliwa likiwemo. Lakini ule ubao juu ya mlango ushushwe. Uandike jina lako mwenyewe, na mteja akija na haraka mwambie arudi wiki ijayo. Hatakufa. Kipande cha mvule bado kiko pembeni, kimekauka sasa vizuri kabisa. Mtengenezeeni nacho Angwenyi mkongojo unaomfaa, mumpime kwanza, ule alionao ni mrefu. Lakini msiupeleke kabla hajaambiwa. Aamue mwenyewe kama ataupokea.

Gunia liko juu ya dari ya karakana, nyuma ya zile mbao za madirisha. Lishusheni. Sikusema lizikwe nami. Msifanye hivyo, hata kama itaonekana ni heshima.

Nataka... ngojeni. Nataka lipelekwe kwanza kwa Angwenyi, lifunguliwe mbele ya watu wa kanisa, na atakayelishika asiseme "marehemu alikosea kidogo." Aseme: alijua, akapaka rangi, akaulizwa, akasema uongo. Kisha lipelekwe Kehancha, siku ya mnada wa ng'ombe, mahali ambapo hadithi imechekwa. Aende mmoja wenu. Sitamtaja. Nimewaamuru vya kutosha maishani. Kaeni pamoja muamue, na mkiona aibu, jueni kwamba ni yangu, mmenibebea tu, na ukishaifikisha unaiweka chini.

Msimwombe Gisiri anisamehe. Mkimwomba, mnamlazimisha kuwa mwema tena. Mpeni tu kitu chake. Na kama... kama atataka kusema kwa nini alinyamaza, msikilizeni. Kama hataki, msimuulize. Hilo niliache hivyo hivyo.

Jua liko wapi? Mbona mmefunga pazia. Ni Ijumaa leo? Alhamisi. Sawa. Basi bado kuna siku.

Njoni hapa. Mikono yangu haina nguvu, leteni vichwa vyenu chini yake. Mungu awape kazi isiyo na haraka. Awape mdomo unaoweza kusema "bado." Helen, nawe pia, na huyo uliyembeba tumboni. Kama ni... mvulana, msimpe jina langu mpaka gunia liwe limefika. Likishafika, mnaweza. Mkitaka.

Nyanchoka, hiyo randa ya mkono, ile ndogo... Iwe... Basi. Nimesema.

*

Mimi Nyanchoka ndiye niliyeandika. Baba hakuongea tena maneno ya kueleweka, akafariki siku ya tatu, Jumapili asubuhi. Tulikaa watoto wake na Helen, tukabishana siku mbili. Mimi nilisema nitakwenda, kwa kuwa ndimi mkubwa na sikuwahi kuisimulia hadithi ile. Kerosi akasema, "Hapana. Wananijua mimi." Alishusha ubao, akashusha gunia. Mbele ya kanisa Angwenyi alivishika vile vipande, akaviunganisha, akavitenganisha, akasema tuvipeleke kwa mwenyewe, Gisiri. Mkongojo hajaupokea mpaka leo, wala hajaukataa.

Siku ya mnada tulifika Kehancha sote watatu. Gisiri alikuwa amesimama kati ya wanunuzi, mkono juu ya mgongo wa ndama. Kerosi akamwamkia, akamfungulia gunia miguuni, akamwambia yote, alijua, akapaka rangi, akaulizwa, akasema uongo. Watu walikuwa bado wanakusanyika. Mzee aliinama akachukua kipande cha shingo, akapitisha kidole gumba juu ya gundi, polepole, kama mtu anayesoma mahali alipokwisha kupasoma. Hatukumuuliza kitu. Kisha akampa Kerosi fimbo yake ya kuchungia.

"Isimulie kama ulivyosimulia siku zote," alisema. "Anza pale wanapocheka."

Kerosi akaipokea kwa mikono miwili, akaiinua begani, akafumba macho, na watu wa mnada, waliokuwa wakiijua, wakaanza kucheka. Akaendelea mpaka mwisho, mpaka kwenye gundi na rangi ya viatu.